Kuvuta boti yako hadi ziwani: faida iko wapi?

KILA mwaka ifikapo mwezi Mei, barabara kuu zinazotoka katika miji ya kati ya Marekani kuelekea kaskazini hujaa magari yanayovuta matela yenye boti. Wenye magari hayo si wavuvi wa biashara. Ni mafundi, walimu, wenye maduka na wastaafu waliojiwekea akiba mwaka mzima ili wapate wiki moja ya kuvua kwa starehe katika maziwa ya Minnesota na ya jimbo la Ontario nchini Kanada.

Kwa anayetazama kutoka pembeni, hiyo ni likizo tu. Kwa mfanyabiashara, msafara huo ni soko. Kwa mujibu wa takwimu za idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia samaki na wanyamapori, mwaka 2022 Wamarekani milioni 39.9 wenye umri wa miaka 16 na zaidi walikwenda kuvua, na matumizi yao katika shughuli hiyo yalifikia dola bilioni 99.4. Fedha hizo haziishii kwenye ndoano na chambo. Zinaingia katika magari, mafuta, tairi, vyumba vya kulala, barafu, bima na boti zenyewe.

Swali linalowagawa wavuvi hao kila mwaka ni lile lile analojiuliza mwenye mtaji mdogo popote pale: je, ni nafuu kutumia chombo chako mwenyewe, au kukodi cha mwingine pale pale kazi inapofanyika? Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni kwamba chako ni bure kwa kuwa umekwisha kukinunua. Hesabu inaonyesha kwamba jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula mifuko ya watu.

Safari yenyewe

Tuchukue mfano wa mtu anayetoka Chicago kwenda Kenora, mji wa Ontario ulio kando ya ziwa liitwalo Lake of the Woods. Ziwa hilo linagawanywa kati ya Minnesota, Ontario na Manitoba, na lina visiwa zaidi ya 14,000. Wavuvi hulifuata kwa ajili ya samaki aitwaye walleye, ambaye nyama yake inapendwa sana mezani, na pia kwa ajili ya samaki wakubwa wakali aina ya pike na muskie.

Msafiri hupita Minneapolis, akavuka mpaka kutoka International Falls kuingia Fort Frances, kisha akafuata barabara namba 71 kupitia Nestor Falls na Sioux Narrows. Njia nzima ni zaidi ya kilomita 1,300. Ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ya Dodoma, na tofauti ni kwamba huyu ana mzigo wa zaidi ya tani moja na nusu nyuma ya gari.

Kando ya ziwa hilo kuna kambi nyingi za uvuvi zinazopangisha vyumba. Nyingi kati ya hizo pia hukodisha boti zenye injini kwa siku au kwa wiki. Kwa hiyo msafiri ana hiari mbili zilizo wazi: avute boti yake kutoka nyumbani, au asafiri na gari tupu na kukodi boti akishafika.

Hesabu ya mwaka

Ili kupata picha kamili, tufanye hesabu ya mfano kwa boti ya aluminiamu ya futi 18 iliyonunuliwa pamoja na injini na tela kwa dola 30,000. Viwango vilivyotumika hapa ni vya kukadiria, na kila msomaji anaweza kuweka vyake. Muhimu ni mpangilio wa hesabu yenyewe. Gharama za mwaka mmoja ni kama ifuatavyo:

Uchakavu wa boti, injini na tela: dola 2,100
Riba ambayo fedha hiyo ingeleta ikiwa benki, kwa asilimia 4: dola 1,200
Bima: dola 400
Kuhifadhi boti majira ya baridi: dola 500
Matengenezo ya injini: dola 500
Tairi, beringi na grisi za tela: dola 200
Usajili na mengineyo: dola 100
Jumla: dola 5,000

Wamiliki wengi huhesabu mistari ya bima, matengenezo na usajili kwa sababu hiyo ndiyo inayoleta ankara. Mistari miwili ya mwanzo haina ankara, hivyo husahaulika. Lakini ndiyo mikubwa kuliko yote. Kwa pamoja inafikia dola 3,300, yaani karibu theluthi mbili ya gharama yote. Boti inachakaa hata ikiwa imefunikwa turubai uani, na fedha iliyolala ndani yake haizai.

Gharama hiyo ya dola 5,000 ikigawanywa kwa siku za matumizi, ndipo ukweli unapojitokeza. Anayeitumia boti siku 6 tu kwa mwaka analipa dola 833 kwa kila siku ya kuvua. Anayeitumia siku 20 analipa dola 250. Anayeitumia siku 40 analipa dola 125.

Ikiwa kambi inakodisha boti ya kiwango hicho kwa dola 150 kwa siku, basi mahali gharama mbili zinapolingana ni siku 34 hivi kwa mwaka. Aliye chini ya hapo anagharimika kuwa na boti. Aliye juu ya hapo ana faida. Huyo wa juu ni yule anayeishi karibu na ziwa na kuvua kila mwisho wa wiki, na safari ndefu kwake ni nyongeza tu.

Gharama ya safari moja

Hata hivyo, yule ambaye tayari ana boti nyumbani hana sababu ya kutumia hesabu ya mwaka anapoamua kuhusu safari moja. Uchakavu, riba, bima na hifadhi atavilipa, avute boti au aiache. Kwa uamuzi huo, kinachotakiwa ni kutazama gharama inayoongezeka kwa sababu ya kuvuta peke yake.

Tuseme gari lake likiwa tupu linakwenda kilomita 9 kwa lita moja ya petroli, na likivuta boti linakwenda kilomita 5.5. Kwenda na kurudi ni kilomita 2,700. Bila boti atatumia lita 300, na akiwa na boti atatumia lita 491 hivi. Tofauti ni lita 191. Kwa bei ya mfano ya dola moja kwa lita, hiyo ni dola 191.

Kwa kuwa mwendo wa kuvuta ni wa taratibu zaidi, tuongeze usiku mmoja wa hoteli wakati wa kwenda na mmoja wakati wa kurudi, kila mmoja dola 120. Jumla ya nyongeza inakuwa dola 431. Kukodi boti siku 6 kungegharimu dola 900. Mwenye boti anaokoa dola 469.

Hapo ndipo mabishano ya wavuvi yanapopata suluhisho. Anayesema kuvuta ni nafuu ana haki, ikiwa boti anayo tayari na anaitumia sana nyumbani. Anayesema kukodi ni nafuu naye ana haki, ikiwa mwenzake ananunua boti kwa ajili ya likizo hiyo. Huyo wa pili atatumia dola 5,431 kwa mwaka ili kukwepa kodi ya dola 900. Kosa hutokea pale mtu anapochukua hoja ya yule wa kwanza na kuitumia kujihalalishia manunuzi ya yule wa pili.

Inafaa pia kuangalia kwamba mafuta, ambayo ndiyo yanayolalamikiwa zaidi, ni sehemu ndogo ya hesabu. Hata bei ya petroli ikipanda kwa nusu, nyongeza ya safari nzima haifiki dola 100. 

Uzito usioandikwa

Akiba ya dola 469 ni ndogo, na inaweza kuyeyuka kwa tatizo moja la njiani. Chanzo cha kwanza cha matatizo ni uzito. Kwa kawaida uzito unaotajwa na mtengenezaji wa boti ni wa boti tupu, mara nyingi bila injini, bila mafuta na bila tela.

Mfano wa boti yetu unaeleza vizuri. Boti tupu ni kilo 800. Injini ya nguvu farasi 150 ni kilo 200 hivi. Lita 100 za petroli ni kilo 74. Betri tatu ni kilo 75. Nanga, maboya ya kujiokolea, nyaya, masanduku ya ndoano na vyakula ni kilo 120. Tela lenyewe ni kilo 350. Jumla ni kilo 1,619, zaidi ya mara mbili ya ule uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji.

Tofauti hiyo ina matokeo ya kisheria na ya kifedha. Katika majimbo mengi ya Marekani, tela lenye uzito unaozidi pauni 3,000, yaani kilo 1,360 hivi, linatakiwa kuwa na breki zake. Ontario nayo inataka breki kwa tela lenye uzito wa kuanzia kilo 1,360. Aliyenunua tela lisilo na breki kwa kuamini kwamba boti yake ni ya kilo 800 anajikuta nje ya sheria bila kujua, na ajali ikitokea bima inaweza kuleta maswali.

Namna uzito ulivyopangwa nayo ina umuhimu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito wote iwe inakandamiza kiungo cha nyuma ya gari. Kwa mfano wetu hiyo ni kilo 160 hivi. Ikiwa pungufu sana, tela huanza kuyumba kama mkia, na mwendo ukizidi dereva anaweza kushindwa kulirudisha katika mstari. Dawa yake ni kusogeza mizigo mbele, kupunguza mwendo na kupima. Mizani za malori zilizopo kwenye vituo vikubwa vya mafuta hupima gari na tela kwa ada ndogo, na ni nafuu kuliko kubahatisha.

Beringi ya bei ndogo, hasara kubwa

Chanzo cha pili, na kinachoharibu likizo nyingi zaidi ya kinavyostahili, ni beringi za magurudumu ya tela. Sababu yake inaeleweka. Baada ya saa kadhaa barabarani, habu ya gurudumu huwa ya moto. Dereva akifika ziwani na kulirudisha tela majini papo hapo, habu hupoa ghafla, hewa iliyo ndani husinyaa, na maji huvutwa kupita kwenye mpira wa kuzuia. Maji yakichanganyika na grisi, grisi hupoteza kazi yake na chuma huanza kushika kutu. Tatizo halionekani siku hiyo. Linaonekana wakati wa kurudi, kilomita mia kadhaa kutoka karakana yoyote, pengine siku ya Jumapili.

Tuweke bei za mfano tena: dola 250 kuvutwa na gari la msaada, dola 120 hoteli isiyotarajiwa, na dola 150 za kipuri na fundi. Jumla ni dola 520. Akiba yote ya kutokodi boti imekwisha, na zaidi. Ukiongeza siku moja ya kuvua iliyopotea kati ya siku sita, hasara ni kubwa kuliko fedha inavyoonyesha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe unazibwa kwa fedha kidogo. Wazoefu hubadilisha grisi kabla ya msimu, hugusa habu kwa uangalifu kila wanaposimama kujaza mafuta ili kujua kama kuna moja iliyo ya moto kuliko nyingine, na huacha tela lipoe kabla ya kulishusha majini. Wengi hubeba habu nzima ya akiba iliyokwisha kujazwa beringi na grisi, pamoja na jeki na spana inayoingia kwenye nati za tela. Jambo hili la spana na jeki linaonekana dogo, lakini vifaa vya gari mara nyingi haviingii kwenye tela.

Tairi nazo zina masharti yake. Tairi za matela nchini Marekani huandikwa herufi ST ubavuni, na nyingi zimekadiriwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105, isipokuwa zile zilizoandikwa kiwango cha juu zaidi. Katika jimbo la California sheria yenyewe inazuia gari linalovuta tela lisizidi maili 55 kwa saa. Tairi la tela huzeeka kwa jua na kwa kukaa kabla halijaisha kashata. Mtu anaweza kuona kashata nzuri akadhani ana tairi zima, kumbe mpira umekwisha kufa. Upepo pungufu huleta joto, na joto ndilo linalopasua.

Maji yaliyobebwa

Gharama nyingine ambayo haikuwapo kwa vizazi vilivyopita ni ile ya ukaguzi. Mwaka 1988 kome wadogo wenye milia, wenye asili ya Ulaya mashariki, waligunduliwa katika ziwa St. Clair lililo kati ya Marekani na Kanada. Waliletwa na maji ya uzito yaliyobebwa na meli za kimataifa. Kome hao huzaana kwa kasi, huziba mabomba ya maji na ya mitambo ya umeme, na hula vijidudu ambavyo samaki wadogo wanavihitaji.

Kutoka ziwa moja hadi jingine, kinachowasafirisha mara nyingi ni matela ya boti. Mwaka 2007 aina ya jamaa yao iligunduliwa katika ziwa Mead, kusini-magharibi mwa Marekani, mbali kabisa na maziwa makuu. Mwaka 2023 walionekana katika mto Snake jimboni Idaho, na serikali ya jimbo ikalazimika kumwaga dawa yenye shaba mtoni. Mwaka 2024 kome wa aina nyingine waligunduliwa California. Wafanyabiashara wa Mwanza, Kisumu na Entebbe wanaokumbuka magugu maji yalivyofunga bandari za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa zaidi jinsi kiumbe mgeni anavyoweza kusimamisha biashara.

Kwa sababu hiyo Minnesota inataka kizibo cha chini ya boti kiwe kimetolewa wakati boti iko barabarani, ili maji yote yatoke. Ontario iliweka sharti kama hilo kuanzia Januari 1, 2022, pamoja na kuondoa majani na viumbe vyote kabla ya kusafirisha boti. Majimbo kadhaa ya magharibi yana vituo vya ukaguzi ambapo kila anayevuta boti lazima asimame. Mvuvi mwangalifu huosha, humwaga maji na hukausha boti kabla ya kuondoka nyumbani. Asiye mwangalifu hupoteza muda wake kwenye kituo, na anaweza kutozwa faini.

Chambo nacho kina sheria. Ontario hairuhusu mtu kuingiza samaki hai au ruba kutoka nje ya jimbo kwa ajili ya chambo. Mgeni anapaswa kununua akifika. Kwa mtazamo wa biashara, sheria hiyo ya kulinda maziwa imewapa wauza chambo wa Kenora, Nestor Falls na kwingineko soko ambalo mshindani wa ng'ambo ya mpaka hawezi kuliingia.

Nani anafaidika njiani

Ukiutazama msafara huu kwa macho ya muuzaji, jambo moja linajitokeza: anayevuta boti yake hupunguza fedha anayompa mwenye kambi, lakini huongeza fedha anayowapa watu wengine wengi. Anahitaji tairi, grisi, taa za tela, mikanda ya kufungia, mafuta zaidi na usiku wa ziada. Miji midogo kando ya barabara huishi kwa mahitaji hayo. Duka lenye beringi za saizi mbili tatu zinazotumika zaidi, likiwa wazi siku ya Jumapili, lina wateja wasio na muda wa kubishana bei.

Serikali nayo ina fungu lake, na imelitumia kwa namna inayofaa kuangaliwa. Tangu sheria ya mwaka 1950, Marekani hutoza kodi ya asilimia 10 kwa vifaa vingi vya kuvulia, inayolipwa na mtengenezaji au mwingizaji. Mwaka 1984 mpango huo ulipanuliwa, ukaongezewa sehemu ya kodi ya mafuta ya boti. Fedha hugawiwa majimbo kwa kuzalisha samaki, kulinda maji na kujenga miteremko ya kushushia boti. Angalau asilimia 15 lazima iende kwenye huduma za boti. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa ndoano analipia sehemu ya barabara inayomfikisha majini, na wauzaji wa ndoano wananufaika kwa kuwa wateja wanaongezeka.

Hatari ya mteja mmoja

Wenye kambi wa Ontario walijifunza kwa uchungu upande wa pili wa soko hili. Machi 21, 2020, kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, mpaka wa Kanada na Marekani ulifungwa kwa safari zisizo za lazima. Haukufunguliwa tena kwa Wamarekani waliochanjwa hadi Agosti 9, 2021. Msimu mmoja ulipotea wote na wa pili kwa sehemu kubwa. Kambi zilizotegemea wageni kutoka kusini mwa mpaka zilikaa na vyumba vitupu na boti zilizofungwa gatini, huku bima, riba na uchakavu vikiendelea kama kawaida.

Hata upande wa Marekani kuna waliobanwa. Kipande cha Minnesota kiitwacho Northwest Angle hakifikiki kwa barabara bila kupita Kanada. Wenye kambi wa huko, majira ya baridi ya mwaka 2021, walifungua barabara juu ya barafu ya ziwa ili wateja wafike bila kugusa mpaka. Ni mfano wa ujasiriamali, lakini pia ni ukumbusho kwamba aliyeweka mtaji wake wote kwa mteja wa aina moja anaweza kufungiwa mlango bila kosa lake.

Wakati huo huo, ndani ya Marekani, watu waliokosa safari za mbali walikimbilia kununua boti. Mauzo ya boti mpya zenye injini mwaka 2020 yalipita 310,000, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu kabla ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008. Kisha riba ikapanda, na kufikia Julai 2023 kiwango cha benki kuu ya Marekani kilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Aliyenunua kwa mkopo katika kipindi cha pupa alijikuta na chombo kinachopungua thamani wakati deni linabaki pale pale. Katika hesabu yetu ya mwanzo, mstari wa riba wa dola 1,200 ulikuwa kwa asilimia 4. Kwa asilimia 8 unakuwa dola 2,400, na siku za kulinganisha gharama zinapanda kutoka 34 hadi 42.

Kwa wenye mitaji midogo

Katika pwani ya Afrika Mashariki uvuvi wa starehe umejengwa kwa njia tofauti. Mgeni anayefika Malindi, Watamu au Shimoni kutafuta samaki wakubwa wa bahari kuu huja kwa ndege, hukodi boti pamoja na nahodha wake kwa siku au nusu siku, na huondoka bila mali yoyote majini. Hapa mzigo wa uchakavu, riba na matengenezo anaubeba mwenye boti, na siku za kukodisha ndizo zinazoamua kama ana faida au ana pambo linaloelea.

Kwa hiyo anayefikiria kuingiza fedha katika boti ya kukodisha aanze na kalenda kabla ya kutazama bei ya boti. Kusi na mvua za masika hupunguza siku za kutoka. Injini ikiharibika wakati wa msimu, siku zinazopotea ni zile zenye bei nzuri. Akishapata idadi ya siku anazoziamini, agawanye gharama yote ya mwaka, pamoja na riba ya fedha yake mwenyewe, kwa siku hizo. Jibu lake ndilo bei ya chini anayoweza kukodisha bila kula mtaji.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu mwenye duka anayetaka kununua lori la kubebea mzigo mara mbili kwa mwezi, mkulima anayetaka trekta la ekari tano, na muuza samaki anayetaka gari lake la barafu. Chombo cha kufanya kazi kila siku ni mali. Chombo cha kufanya kazi siku sita kwa mwaka ni gharama, na kwa siku hizo sita kukodi cha jirani ni nafuu.